Mkunjo si kovu: uchambuzi wa kisa cha uke uliodhaniwa kuziba

Kisa hiki kinahusu mstari mmoja kwenye fomu ya uchunguzi wa mzoga. Mstari wenyewe ulisomeka hivi: "Uke umeziba sehemu kadhaa, yaelekea ni makovu, mnyama hakuweza kuzaa." Aliyeuandika ni mimi, kwa kuambiwa, na ulikaa kwenye fomu kwa muda wa saa mbili hivi kabla hatujaufuta. Naueleza kwa urefu kwa sababu kosa lile halikuwa la uzembe. Watu waliokuwa mezani walijua kazi yao. Walichokikosa ni swali moja tu: kwa ukoo wa mnyama huyu, kawaida ni ipi?

Majina ya watu, ya taasisi na ya ufukwe nimeyaacha, na tarehe pia.

Usuli

Mnyama alikuwa Phocoena phocoena jike, aliyekutwa amekufa kwenye ufukwe wa bahari baridi ya kaskazini. Kwa msomaji asiyemfahamu, huyu ni jamaa wa pomboo: mdogo, mnene, kichwa butu kisicho na mdomo uliochongoka, na meno bapa kama vikoleo. Jike mzima hufika kama mita 1.6 na kilo 60 hivi, na humzidi dume kwa ukubwa. Hubeba mimba kwa miezi 10 hadi 11, na mtoto akizaliwa ana urefu wa sentimita 70 hivi, karibu nusu ya mama yake. Kipimo hiki cha mwisho kiwekwe akiba, kitarudi.

Mezani tulikuwa wanne. Kiongozi alikuwa daktari wa mifugo mwenye miaka mingi ya ng'ombe na kondoo. Alikuwepo mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, fundi wa chumba cha mizoga, na mimi, niliyealikwa kwa kuwa nilikuwa nikisoma anatomia ya uzazi ya mamalia. Kazi yangu siku ile ilikuwa kushika kalamu.

Daktari wa ng'ombe anapofungua tumbo la Phocoena hayuko ugenini kabisa. Nyangumi na pomboo wote wametokana na wanyama wa nchi kavu wenye kwato shufwa, na jamaa yao wa karibu zaidi aliye hai leo ni kiboko. Zaidi ya miaka milioni 50 imepita tangu mababu hao waanze kuingia majini, lakini ndani ya tumbo alama za ukoo bado zipo. Mji wa mimba una pembe mbili. Kondo la nyuma limesambaa juu ya ukuta wa mji wa mimba bila kuuchimba, kama la nguruwe au farasi. Uume wa dume ni wa nyuzi ngumu, umejikunja kama herufi S ndani ya mwili na kuvutwa na msuli wake maalumu, sawasawa na wa fahali. Mtu aliyefunzwa kwa ng'ombe hupata njia humo ndani.

Shida huanza pale ukoo huohuo unapomdanganya.

Siku ya kwanza

Mzoga ulikuwa umetoka kwenye friza na ulikuwa umeyeyuka nje, ndani bado una ubaridi unaouma vidole. Jinsia ilikuwa na utata tangu ufukweni: karatasi iliyokuja naye iliandikwa "dume", kwa sababu aliyemkuta aliona mpasuko mrefu chini ya tumbo na hakuona chuchu. Kwa wanyama hawa kila kitu kimefichwa ndani ya mipasuko ili maji yateleze juu ya mwili bila kizuizi. Jike huwa na mpasuko mmoja mrefu unaobeba uke na mkundu pamoja, na pembeni yake vipasuko viwili vidogo vyenye chuchu. Dume huwa na mpasuko wa uume mbele kabisa, kisha nafasi, kisha mkundu. Mwanafunzi alipanua kipasuko kimoja cha pembeni kwa kidole na chuchu ikachungulia. Tukasahihisha, tukaendelea.

Mapafu yalikuwa yamejaa minyoo na usaha. Hilo halikumshangaza mtu. Minyoo ya mapafu ni jambo la kawaida kwa spishi hii. Daktari alisema sababu ya kifo inaelekea kuwa nimonia, tukaandika.

Kisha tukafika kwenye uzazi. Daktari aliingiza kidole cha shahada ukeni, akitaka kujua njia imekwenda wapi kabla ya kukata. Kidole kiliingia kidogo kikakwama. Akakizungusha, kikapenya tundu jembamba, kikakwama tena.

"Hapa pana mlango wa kizazi," alisema, "lakini uko karibu mno na nje."

Alijaribu kwa fimbo nyembamba ya plastiki. Ikapita kizuizi cha kwanza, ikapinda, ikagota cha pili, ikagoma. Alisukuma kidogo zaidi, akaacha. Akagusa uke kwa nje, kupitia ukuta wake, akahisi pete ngumu zilizofuatana.

Hapa ndipo ng'ombe alipoingia kwenye hadithi. Mlango wa kizazi wa ng'ombe una pete tatu au nne za nyama, na fundi yeyote wa uhimilishaji anazijua kwa vidole. Huzivusha bomba lake moja baada ya nyingine. Daktari alianza kwa kudhani ameshika mlango wa kizazi wa namna hiyo. Lakini mwanafunzi, aliyekuwa upande wa ndani amekwisha kufunua mji wa mimba, alisema mlango wa kizazi anauona yeye, mbali zaidi, mahali pake panapotarajiwa. Ikawa pete zile ziko ndani ya uke wenyewe. Katika ng'ombe, uke wenye pete ngumu ndani yake ni uke ulioumia: mnyama amezaa kwa taabu, amechanika, amepona vibaya, njia imeshikana. Daktari alitamka sentensi ile niliyoianza nayo, nami nikaiandika.

Fikra yenyewe ilikuwa na mantiki. Kila hatua ilifuata iliyotangulia. Ila zote zilisimama juu ya ng'ombe.

Uamuzi wa kusimama

Fundi alikuwa tayari na mkasi mkubwa. Utaratibu wa kawaida ni kupasua uke kwa urefu, kuanzia nje hadi mlango wa kizazi, uonekane wote. Dakika moja zaidi na umbo la ndani lingekuwa limepotea.

Kilichotuzuia si kwamba mimi nilikumbuka makala fulani. Natamani ingekuwa hivyo. Kilichotuzuia ni ovari.

Mwanafunzi alikuwa amezitoa zote mbili na kuziweka kwenye sahani. Ya kulia ilikuwa laini kama punje ya maharage, haina alama. Ya kushoto ilikuwa kubwa zaidi na ina vinundu vyeupe, masalio ya sehemu ambako mayai yalitoka. Hilo ni kawaida kwa Phocoena: ovari ya kushoto ndiyo hufanya karibu kazi yote. Makovu ya kweli yalikuwa pale, kwenye sahani, na yalisema kuwa jike huyu alikuwa amekomaa. Kutoka kwa yai peke yake hakuthibitishi mimba. Lakini pembe ya kushoto ya mji wa mimba ilikuwa pana, imelegea, ukuta wake mzito, wakati ya kulia ilikuwa nyembamba. Tezi za maziwa chini ya ngozi zilikuwa zimekua. Huyu alikuwa amewahi kubeba mimba.

Nikauliza: kama uke umeziba, mbegu zilipitia wapi? Daktari akajibu, na jibu lake lilikuwa zuri, kwamba labda ameziba baada ya kuzaa. Nikauliza tena: mtoto wa sentimita 70 angepasua njia hii halafu makovu yapange pete sita au saba zilizolingana nafasi, zote zimeinamia upande mmoja? Kovu halina adabu hiyo. Kovu huvuta huku na kuacha kule.

Daktari alinyamaza kidogo, akaweka mkasi chini. Tuliamua mambo matatu. Kwanza, uke usipasuliwe. Njia yote ya uzazi itolewe ikiwa nzima, pamoja na kipande cha misuli inayoizunguka. Pili, ijazwe silikoni ili tupate umbo la uwazi wake. Tatu, mstari ule ufutwe na mahali pake paandikwe tulichokiona tu: "Ndani ya uke kuna vizuizi kadhaa vya mviringo, asili yake haijabainika."

Uamuzi ulikuwa na gharama. Mzoga uliogandishwa ukishayeyuka hauna subira, na kwa kutoa njia yote nzima tuliacha kazi nyingine iliyokuwa kwenye orodha.

Siku ya pili: silikoni

Tulitumia silikoni ya madaktari wa meno, ile inayochukua umbo la meno na kubaki laini ikishakauka. Jaribio la kwanza lilituaibisha. Tuliimimina kutoka nje kuelekea ndani bila kusafisha ute, ikasimama kwenye kizuizi cha pili na kuacha povu la hewa nyuma yake. Tulipoitoa tulikuwa na kitu kama kizibo cha chupa.

Mara ya pili tuliosha njia kwa maji ya chumvi, tukafunga mlango wa kizazi kwa uzi, kisha tukaingiza silikoni kwa bomba la sindano lililopitishwa polepole hadi ndani kabisa, tukijaza huku tukirudi nyuma. Ilipokauka tulipasua ukuta wa uke kwa mstari mmoja chini, na umbo likatoka, ingawa lilichanika karibu na ncha.

Nalieleza kama lilivyokuwa mkononi. Upande wa nje lilikuwa nene kama kidole gumba. Kisha likabanwa ghafla na kuwa uzi, likapanuka tena kama kofia ya uyoga, likabanwa, likapanuka. Kila kofia ilikuwa imegeuzwa kidogo kutoka kwa iliyotangulia, kiasi kwamba ukilitazama kwa urefu uliona mzunguko, kama parafujo iliyochongwa na mtu asiye na haraka. Upande wa kushoto na wa kulia haukulingana. Mwanafunzi alihesabu vibano mara tatu na kupata tisa kila mara.

Ukuta uliopasuliwa nao ulizungumza. Kila kibano kilikuwa mkunjo kamili, uso wake laini na unaong'aa, ukingo mzima, bila weupe wa kovu wala mshikamano wa nyama na nyama. Vipande vilivyopelekwa kutazamwa kwa hadubini viliharibiwa kwa sehemu na barafu, lakini vilitosha kuonyesha ngozi ya ndani isiyokatika na misuli iliyopangika chini yake. Hakukuwa na kovu hata moja.

Baada ya hapo ndipo tulipofungua maandiko, na ilikuwa aibu ya aina yake. Mikunjo ya uke wa nyangumi na pomboo inajulikana tangu zamani. Wataalamu wa awali waliuita mkunjo mkubwa wa pomboo "mlango bandia wa kizazi", wakiwa wamedanganyika kama sisi. Idadi, ukubwa na mahali pake hutofautiana mno kati ya spishi na spishi. Mwaka 2017 Dara Orbach na wenzake walichapisha ulinganisho wa mikunjo hiyo katika spishi nyingi, na Phocoena phocoena ndiye aliyekuwa mfano wa kupindukia: uke wa kuzunguka kama parafujo wenye mikunjo inayoweza kufika 13. Jike wetu hakuwa mgonjwa wa uzazi. Alikuwa Phocoena.

Dume, na mfupa uliopotea

Juma hilohilo aliletwa dume aliyenaswa kwenye nyavu, mbichi, hajagandishwa. Tulimtaka kwa ulinganisho. Korodani zake zilikuwa ndani ya tumbo, mahali zilipo kwa wanyama hawa wote, na zilikuwa kubwa ajabu. Katika msimu wa kujamiiana korodani za Phocoena zinaweza kuzidi asilimia 4 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ingekuwa karibu kilo 3. Uume ulikuwa na ncha ndefu nyembamba isiyofanana na ya mnyama yeyote niliyewahi kumfungua. Tulipoiweka kando ya umbo la silikoni, mwanafunzi alicheka kwa mshangao: ufunguo na kufuli, ila kufuli limetengenezwa na mtu asiyetaka lifunguke kirahisi.

Kosa la juma lilitokea hapa, na ni langu. Katika misuli ya chini ya tumbo la nyangumi na pomboo kuna mifupa miwili midogo, haijashikana na uti wa mgongo wala na mfupa wowote. Ndiyo nyonga iliyobaki. Kwenye fomu ya dume niliandika, kwa mkono wangu, "masalio ya nyonga, hayana kazi", kama nilivyofundishwa shuleni. Fundi aliisoma fomu, akafanya kinachofanywa na kitu kisicho na kazi: akaiacha mifupa ndani ya ukuta wa tumbo, na ukuta ukaenda kwenye pipa la kuchomwa. Tulipokumbuka tulikimbilia pipa. Mfupa mmoja tuliupata, umejipinda kidogo, unakaribia urefu wa kidole. Wa pili ulikuwa umekwenda na mfuko wa asubuhi.

Kazi ya mifupa ile ni kushikilia misuli inayouendesha uume. Mwaka 2014 Jim Dines, Matthew Dean na wenzao walipima mifupa ya nyonga ya spishi 29 na kuona kwamba pale madume wanaposhindana zaidi kwa mbegu, jambo linalopimwa kwa ukubwa wa korodani ukilinganishwa na mwili, mifupa hii nayo huwa mikubwa zaidi kwa mwili. Mbavu walizozipima kama kipimo cha kulinganisha hazikufuata mwelekeo huo. Kitu kilichoachwa na miguu kimeajiriwa upya. Na kwa jike pia, mizizi ya kinembe imeshikamana na mifupa hiyohiyo, jambo tulilolipita bila kulitazama siku ya kwanza.

Matokeo

Ripoti ya jike ilitoka ikisema nimonia iliyotokana na minyoo na bakteria, na njia ya uzazi ya kawaida kwa spishi. Mstari wa "hakuweza kuzaa" haukuonekana popote. Tulipopekua kabati la ripoti za nyuma tulikuta mbili zenye maneno yanayofanana na yetu ya mwanzo, "uke umeziba". Viungo vyenyewe havikuwa vimehifadhiwa, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha wala kukanusha. Ziliwekewa alama tu. Ripoti kama hizo zikihesabiwa pamoja zingeweza kumfanya mtu adai kuna ugumba unaoenea, akatafuta sumu baharini ya kuulaumu.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kilikuwa kusoma viungo vya jirani kabla ya kukihukumu kimoja. Uke peke yake ulisema "nimeziba". Ovari, pembe ya mji wa mimba na tezi za maziwa zilisema "nimezaa". Palipokuwa na ushahidi unaogongana tulisimama, na kusimama kule kuliokoa umbo. Daktari anastahili sifa: alikuwa na cheo cha kutosha kutunyamazisha wote, hakukitumia.

Kilichoshindwa kwanza ni kipimo cha ulinganisho. Tulitumia ng'ombe kwa sababu ndiye tuliyemjua. Kwa kondo na uume ng'ombe alitosha, kwa uke akatupotosha, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya majini yalipofanya kazi nzito. Hata ndani ya ukoo, kiboko angekuwa shahidi bora, maana uke wake nao una pete za nyama zinazopachikana. Hili linadokeza kuwa mwelekeo wa kujikunja huenda ulikuwapo tangu kabla mababu hawajaiacha nchi kavu, kisha nyangumi na pomboo wakauendeleza kila mmoja kivyake.

Fikiria kilichobadilika. Visukuku vinatuonyesha hatua. Maiacetus, nyangumi wa kale aliyepatikana Pakistan na kuelezwa na Philip Gingerich na wenzake mwaka 2009, aliishi miaka milioni 47 hivi iliyopita, alikuwa na miguu minne na nyonga imara, na jike mmoja alikutwa na kijusi ndani yake, kichwa kikielekea kutokea kwanza, kama wanyama wanaozalia nchi kavu. Wazao wa leo kwa kawaida hutanguliza mkia. Basilosaurus, wa mamilioni ya miaka baadaye, ambaye mifupa yake imejaa Wadi Al-Hitan nchini Misri, alikuwa na miguu ya nyuma midogo mno isiyoweza kumbeba. Walioieleza miguu hiyo mwaka 1990 walipendekeza kuwa labda ilisaidia wakati wa kujamiiana. Nyonga ilipoachana na uti wa mgongo, mlango wa mfupa ambao kwa sisi binadamu humbana mtoto ukatoweka. Ndiyo maana Phocoena anaweza kuzaa mtoto wa nusu ya urefu wake, na ndiyo maana hoja ya "amechanika akizaa" ilipaswa kutiliwa shaka mapema.

Korodani nazo zilihamia ndani, mahali penye joto baya kwa mbegu. Suluhisho lilielezwa na Sentiel Rommel na wenzake mwaka 1992: damu iliyopoa kwenye pezi la mgongoni na mkiani hurudishwa kwa mishipa inayopita sambamba na ile inayopeleka damu kwenye korodani, joto likahamia kutoka mshipa hadi mshipa. Jike ana mpangilio wa jinsi hiyo karibu na mji wa mimba. Sisi hatukuifuatilia mishipa hiyo kwa mnyama yeyote kati ya wale wawili, na kwa dume mbichi hatukuwa na kisingizio.

Kilichoshindwa pili ni kinyume cha kosa la kwanza, nacho huwanasa zaidi vijana wenye akili. Baada ya silikoni, mwanafunzi aliandika kwenye rasimu: "Mikunjo ipo ili kumpa jike uwezo wa kuchagua baba." Daktari aliipenda. Mimi pia niliipenda, na ndiyo maana niliipigia mstari. Mzoga mmoja hauwezi kusema kiungo kipo kwa ajili gani.

Maelezo yanayoshindana ni angalau mawili. Moja ni kuwa mikunjo huzuia maji ya bahari yasiingie na kudhuru mbegu. Jingine ni mvutano wa jike na dume: majini hakuna pa kujishikilia, tendo ni la sekunde, na jike akijigeuza kidogo njia inabadilika. Hili la pili limejaribiwa kwa namna fulani. Mwaka 2017 Orbach, Patricia Brennan na wenzao walizijaza uume za wanyama waliokufa maji ya chumvi kwa shinikizo hadi zisimame, wakaziweka ndani ya uke wa spishi ileile na kupiga picha za skana. Kwa Phocoena na kwa pomboo Tursiops mikunjo ilizuia uume kufika mbali isipokuwa kwa pembe fulani. Kwa pomboo Delphinus na kwa sili haikuwa hivyo. Matokeo hayo yanaelekeza kwenye mvutano kwa baadhi ya spishi, na hayafuti hoja ya maji. Kiungo kimoja kinaweza kufanya kazi mbili.

Kuna ushahidi wa tabia unaoendana na umbo tulilolishika. Watafiti waliopiga picha kutoka daraja la Golden Gate la San Francisco, Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, waliona madume wa Phocoena wakimjia jike kwa kasi, mara nyingi hadi kuruka juu ya maji, na karibu kila mara kwa upande wake wa kushoto. Uke usiolingana pande mbili, uume wa ncha ndefu, dume wa upande mmoja, korodani nzito kiasi kile: vitu hivi vinakaa pamoja vizuri. Nyangumi nao wana mifano yao. Jozi ya korodani za nyangumi wa jenasi Eubalaena hukaribia tani 1, na madume kadhaa humzingira jike mmoja. Nyangumi buluu, aliyemzidi sana kwa mwili, hana hata sehemu ya kumi ya uzito huo.

Ripoti iliandikwa mwishowe: "Mikunjo 9, mzunguko wa parafujo, pande hazilingani, ya kawaida kwa spishi." Mjadala wa kazi yake uliwekwa kwenye kiambatisho, chini ya jina la mwanafunzi.

Kosa la tatu ni la kipuuzi na lilitugharimu zaidi: barafu. Mwaka 2022 Brennan na wenzake walieleza kinembe cha pomboo Tursiops kwa kutumia majike 11 waliokufa, wakaonyesha tishu za kusimama, neva nene hadi nusu milimita na ngozi nyembamba kuliko ya jirani. Maelezo ya aina hiyo hayapatikani kwenye tishu iliyopasuliwa na barafu. Tulikuwa na jike mzima wa Phocoena mikononi na kinembe chake hakikutufaa kitu. Sasa sehemu hiyo hukatwa kabla mzoga haujaingia friza na kuwekwa kwenye fomalini, kazi ya dakika kumi.

Fomu nayo imebadilishwa. Kwenye sehemu ya uke, neno "kuziba" limeondolewa na pamewekwa nafasi ya idadi ya mikunjo na mchoro wa mkono. Kwenye sehemu ya nyonga pameandikwa "mifupa miwili, itolewe na misuli yake". Umbo la silikoni liko rafuni na ncha yake iliyochanika. Kando yake pana kisanduku cha dume, chenye mfupa mmoja na karatasi yenye maneno yangu ya zamani, "hayana kazi", ambayo fundi amekataa kata kata kuitoa.